Continental GP5000 za milimita 28: tairi iliyonibadilishia baiskeli kuliko kitu kingine chochote

Wakuu, ukikaa na watu wa baiskeli za mbio dakika kumi tu utasikia fremu ya kaboni, utasikia magurudumu ya kina cha milimita 50, utasikia gia za umeme, nani kapunguza gramu mia mbili na kazipunguzia wapi, na tairi itatajwa mwishoni kabisa pale mtu akipata pancha. Mimi hilo linaniumiza kweli, maana kwenye baiskeli nzima ni tairi peke yake inayogusa lami, na pale inapogusa si pakubwa, ni kama alama ya dole gumba tu, kila kitu kinapita hapo, breki, kona, nguvu ya miguu, mtetemo, kila kitu. Kwa hiyo leo naongelea tairi, na naiongelea moja ambayo nimeitembelea msimu mzima, mvua na jua, safari fupi za asubuhi na zile ndefu za kundi, Continental Grand Prix 5000, ile ya kawaida ya kutumia tyubu, upana wa 28. Nisiwazungushe, ni tairi nzuri sana, ila uzuri wake utauona ukikubali kushusha upepo, na hapo ndo wengi tunabishana.

Kwanza ijulikane ni kitu gani. Kabla yake kulikuwa na GP4000 na wadogo zake, tairi iliyotawala zaidi ya miaka kumi, ukienda kwenye mkusanyiko wowote wa waendesha baiskeli ulikuwa unaikuta. Novemba 2018 ndo ikaja hii 5000, na kampuni yenyewe ilisema ukinzani wa kubingirika umepungua asilimia 12 ukilinganisha na GP4000 S II, kinga dhidi ya pancha imeongezeka asilimia 20, na ile ya 25 imeshuka mpaka gramu 215. Hizo ni hesabu za mwenye mali, mimi sina maabara, ila nilichokipata barabarani hakinipi sababu ya kuwabishia. Zinatengenezwa Korbach, Ujerumani, na imeandikwa ubavuni kwamba zimetengenezwa kwa mkono. Mpira wake wanauita BlackChili, na chini ya huo mpira kuna mkanda wa nyuzi za Vectran ndo unaozuia vitu visipenye, na hizi Vectran ni nyuzi za maana kweli, kile chombo cha Mars Pathfinder kilipotua Mars mwaka 1997 kilidunda kwa mifuko ya hewa iliyoshonwa kwa nyuzi hizo hizo. Mimi kila nikipita kwenye vipande vya chupa nalikumbuka hilo na moyo unatulia kidogo.

Sasa barabarani. Nilitoka kwenye tairi za 25 za bei ya chini za kampuni nyingine (siitaji, haina haja) ambazo zilikuwa ngumu, nyuzi nene, mpira mnene, ukipita kwenye ile lami ya kokoto ambayo imemwagwa juu juu bila kusagwa unahisi mikono inakufa ganzi, na ukifika kilomita ya themanini hivi mabega yameshapanda mpaka masikioni. Kubadili tairi tu, fremu ile ile, magurudumu yale yale, kiti kile kile, safari ya kwanza nikasimama kuangalia kama gurudumu la nyuma halijaisha upepo kwa jinsi palivyokuwa pametulia chini, na kasi haikushuka, ilikuwa juu kidogo ya ile niliyozoea kwa mapigo yale yale ya moyo. Hii tairi inakula mtetemo. Ile mitetemo midogo midogo ambayo huioni kwa macho lakini inakuchosha saa ya tatu, saa ya nne, inaishia kwenye tairi haipandi mpaka kwenye usukani. Juzi tumetoka na kundi safari ndefu, karibu nusu ya njia ni lami mbovu iliyopasuka, na nikafika mwisho bado nina mikono ya kushika breki vizuri kwenye mteremko wa mwisho, na kwangu mimi huo ni usalama kabla haujawa raha.

Hapa ndo nataka tukae kidogo, upepo. Bado kuna watu, na ni watu wenye miguu kuliko mimi, wanajaza psi (kipimo cha presha ya upepo) 110, 120, wanabonyeza tairi kwa kidole, ikiwa jiwe wanatabasamu. Naelewa inakotoka hiyo, zamani tairi zilikuwa 21 au 23 na kila mtu aliambiwa ngumu ndo kasi, na ukiwa juu ya tairi ngumu ile mitetemo yenyewe inakudanganya unahisi unaenda mbio. Lakini angalia kinachotokea. Tairi ikibingirika pale chini inajikunja na kujikunjua, na kila ikijikunja nyuzi na mpira vinakula nguvu yako kidogo inageuka joto, huo ndo ukinzani wenyewe. Ukiongeza upepo tairi inajikunja kidogo zaidi, kwa hiyo kwenye sakafu laini kabisa ni kweli presha ikipanda ukinzani unashuka. Ila barabara si sakafu. Kwenye lami yenye kokoto tairi ikiwa ngumu kupita kiasi haimezi kokoto tena, inarushwa juu yake, na wewe na baiskeli yako mnanyanyuliwa kidogo kila mara, kila mnyanyuko umetoka kwenye miguu yako na haurudi. Mhandisi Josh Poertner wa Silca, kampuni ya pampu za baiskeli, ameifanyia kazi sana hii habari, na kinachoonekana ni kwamba kuna kiwango cha upepo ambacho ukikipita hasara inapanda ghafla, wakati ukiwa chini yake kidogo hasara ni ndogo tu. Kwa hiyo ukibahatisha, bahatisha kwa chini.

Na kuna jambo lingine watu hawalijui, tairi pana kwa psi ile ile inakuwa ngumu zaidi kuliko nyembamba, kwa sababu mvutano kwenye nyuzi unaongezeka kadiri tairi inavyonenepa. Mtu anatoka 23 anakwenda 28, anajaza psi 100 zile zile, halafu anakuja kusema mbona hizi pana hazina raha, ni ngumu kama mbao. Sawa, lazima ziwe ngumu, umezijaza kupita. Mimi nina kilo sabini na kidogo, na kwa 28 naweka psi 65 mbele na kama 69 au 70 nyuma, lami ikiwa mpya na laini naongeza kidogo, mvua ikinyesha napunguza kidogo. Nyuma inabeba uzito mwingi kuliko mbele ndo maana haziwi sawa. Ukiwa mzito kuliko mimi panda, ukiwa mwepesi shuka, na ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, ni mwisho wa kujaza, haimaanishi ndo ujaze hapo. Nunua kipimo cha presha kinachoeleweka, hata kidogo cha kushika mkononi, maana zile saa za kwenye pampu hazikubaliani, nimejaribu pampu za watu kwenye kundi kila moja inasema lake, na psi 5 kwenye tairi hizi unaisikia.

Ukibisha bado, angalia wanaolipwa kwa kazi hii. Paris–Roubaix, yale mashindano ya Ufaransa yanayopita barabara za mawe, ya Oktoba 2021, ile ya mvua na matope mpaka hujui nani ni nani, Sonny Colbrelli alishinda juu ya tairi za milimita 32 zisizo na tyubu, kwenye mashindano ambayo miaka na miaka yalikuwa ya tairi za kubandika na gundi. Mwaka 2024 Mathieu van der Poel akashinda hiyo hiyo Roubaix kwa wastani wa zaidi ya kilomita 47 kwa saa, hadi hapo ilikuwa haijawahi kwenda kasi hiyo. Sisemi ni tairi peke yake, kuna upepo wa mgongoni, kuna lishe, kuna mengi, ila hao watu wangekuwa wanapoteza chochote kwa tairi pana wangerudi 23 kesho yake asubuhi. Na tairi kuamua mambo halijaanza leo, mwaka 1891 Charles Terront alishinda Paris–Brest–Paris ya kwanza, kilomita kama 1200, akiwa na tairi za upepo za Michelin zinazoweza kuvuliwa na kuzibwa pancha njiani, na hapo ilikuwa miaka mitatu tu tangu Dunlop alete tairi yake ya upepo.

Kona. Kwenye mabega ya hii tairi kuna vialama vidogo vilivyochongwa kwa leza, wanaviita Lazer Grip, na mimi siwezi kuapa kwamba ni vyenyewe au ni mpira tu, ila ninachojua ni kwamba unailaza baiskeli na inalala taratibu bila kukushtua, hakuna ile hatua ya ghafla ambapo unahisi tairi imejikata. Kwenye mteremko wenye kona zinazofuatana hiyo inakupa utulivu wa kuangalia mbele unakokwenda badala ya kuangalia lami chini ya gurudumu. Lami ikilowa mshiko unabaki mzuri, ila ile mistari myeupe ya rangi, mifuniko ya chuma na majani yaliyolowa yanateleza kwa tairi yoyote, usije ukasema hukuambiwa. Kuna jamaa kwenye kundi alikuwa anaogopa hizi tairi kwa sababu katikati hazina kashata, yaani ile michoro ya mpira, akadhani ni kama gari lenye vipara. Tairi ya gari ni pana na bapa, inaweza kupanda juu ya maji ikaelea, ndo maana inahitaji mifereji ya kutolea maji. Ya baiskeli ni nyembamba, ya duara na imejaa upepo mwingi, inayapasua maji yenyewe kwa kasi zetu hizi. Marehemu Sheldon Brown, fundi na mwandishi wa mambo ya baiskeli, alilieleza hili zamani sana na bado kila mwaka lazima lielezwe upya.

Kuzifunga, hii ya tyubu haisumbui. Anzia upande ulio mkabala na vali, malizia kwenye vali, na kabla hujafika mwisho rudi ukiminya tairi kwa vidole gumba pande zote ishuke kwenye ule mfereji wa katikati ya rimu, hapo inalegea na unamalizia kwa mikono mitupu, usikimbilie leva za kuvulia tairi maana ndo zinazobana tyubu na kuitoboa kabla hujatoka nyumbani. Ukimaliza sukuma vali ndani kidogo uhakikishe tyubu haijanaswa chini ya ukingo wa tairi, halafu jaza kidogo, zungusha gurudumu, angalia ule mstari wa pembeni umekaa sawa mzunguko wote, ndo ujaze mpaka mwisho. Tyubu ninazotumia ni zile nyepesi za plastiki laini, TPU, ya kawaida ya mpira inakuwa na kama gramu 100 na hizi ziko kati ya 25 na 40, na zinakunjwa zikawa ndogo mpaka unabeba mbili kwenye mfuko wa jezi na husikii kitu. Soma tu maandishi kwenye boksi, baadhi zimeruhusiwa kwa breki za diski peke yake kwa sababu rimu inayoshikwa na breki ukishuka mlima mrefu inapata moto sana. Zile za lateksi zinabingirika vizuri lakini zinatoa upepo, kila asubuhi lazima pampu, mimi sina uvumilivu huo.

Na hapa naomba msome polepole. Kama una magurudumu mapya yenye rimu zile zilizonyooka, ambazo hazina ukingo wa ndani wa kushika tairi, HII TAIRI SIO YAKO. GP5000 ya tyubu inataka rimu yenye ukingo. Kwa zile zilizonyooka kuna GP5000 S TR iliyotoka 2021, ya kutumia bila tyubu, na hata hiyo kwenye rimu hizo hairuhusiwi kupita bar 5, yaani psi 72.5. Hapo hakuna cha kujaribu uone, tairi ikiruka kutoka kwenye rimu ukiwa kwenye mteremko hakuna ufundi wa kukuokoa. Angalia jina kamili la gurudumu lako, angalia orodha ya tairi zilizokubaliwa na mtengenezaji wake, ndo ununue.

Kuhusu kwenda bila tyubu kwa jumla, najua wengi mtaniuliza. S TR nimeziendesha kwenye baiskeli ya rafiki yangu na ni tamu, unaweza kushuka upepo zaidi bila kuogopa tyubu kubanwa kati ya shimo na rimu, na yale maji mazito ya kuziba yanafunga vitundu vidogo wewe unaendelea tu kukanyaga bila hata kujua. Ila yanakauka, lazima uongeze kila baada ya miezi michache, na siku tairi ikikatika mkato mkubwa utaweka tyubu pembeni ya barabara ukiwa umeloa hayo maji mpaka viwiko. Mtu anayeendesha kila siku na anapenda kushughulika na baiskeli yake, aende. Anayetoka wikiendi tu, abaki na tyubu, hapotezi kingi.

Upana, pima kabla. Ile 28 iliyoandikwa siyo lazima iwe 28 ikishafungwa, inategemea upana wa ndani wa rimu, rimu za zamani za 15 zinaibana na rimu mpya za 21 au 23 zinaifungua inaweza kupita 29. GP4000 ilikuwa na sifa ya kunenepa kuliko namba yake, hii 5000 iko karibu zaidi na ukweli, lakini pima. Kwenye baiskeli za breki za rimu nyingi zinaishia 25, chache 28, angalia chini ya breki na kwenye uma wa mbele, iache nafasi ya milimita nne hivi kila upande, kokoto likinasa hapo litachuna kaboni yako. Na wenye magurudumu ya kina kirefu wanaotafuta kukata upepo, kuna kanuni ya huyo huyo Poertner tangu enzi zake Zipp, kampuni ya magurudumu, kwamba rimu kwa nje iwe pana kuliko tairi kwa angalau asilimia 5, la sivyo upepo unaachana na rimu na ile faida uliyoilipia inapungua. Kwa maana hiyo mwenye rimu ya kina yenye upana wa nje wa 27 huenda akafaidi zaidi na 25 mbele, na 28 nyuma.

Kudumu kwake, katikati ya tairi kuna vitundu viwili vidogo, TWI, vikipotea ujue mpira umeisha, usisubiri nyuzi zionekane. Nyuma inaisha haraka kuliko mbele, inaanza kuwa bapa katikati, na hapo usifunge mpya nyuma ukaacha ya zamani mbele. Hamisha ya mbele ipeleke nyuma, mpya ikae mbele, kwa sababu gurudumu la nyuma likiteleza bado una nafasi ya kujiokoa, la mbele likiteleza umeshaanguka. Kila baada ya safari ya mvua nazungusha gurudumu taratibu naangalia mikato, kijiwe au kichupa kikiwa kimejichomeka nakitoa kwa ncha ya kitu chembamba, maana pancha nyingi hazitokei siku ulipokanyaga kitu, kinakaa kinasogea ndani kidogo kidogo mpaka kifike.

Nisichokipenda, ubavu ni mwembamba. Ndo bei ya ulaini, tairi zote za daraja hili ziko hivyo, ila ukipenda kukata njia za vumbi zenye mawe makali utauchana, na mkato wa ubavuni hauzibiki wa kuamini. Pili, mtu anayebeba mizigo au anayekwenda kazini kila siku kwenye njia yenye vioo na misumari, hii ni anasa, atafute tairi nzito yenye kinga mpaka ubavuni, zipo za kampuni hii hii na za wengine, atapoteza kasi kidogo na atapata amani. Na ukiniuliza dhidi ya zile zenye nyuzi za pamba kama Vittoria Corsa za asili, nitakubali kwamba zile zina uhai fulani chini yako ambao hii haina, zinaimba kwenye lami nzuri, ila zinaisha mapema na zinakatika upesi zaidi, ni tairi za siku ya mashindano. Hii ni ya siku zote, unafanyia mazoezi na unashindania, hubadilishi.

Kwa hiyo kama una fremu inayokubali, chukua 28, na kama una kilo zaidi ya 85 au lami yenu ni mbovu kweli ipo ya 32, ichukue bila aibu ya kuambiwa ni tairi ya mzee. Kama fremu inaishia 25 chukua 25, jaza psi 80 na kitu badala ya 110, toka nayo njia ile ile unayoijua, halafu uje useme umeonaje. Waliojaribu upana tofauti mbele na nyuma naomba namba zenu, uzito, rimu na psi, nataka kulinganisha kabla sijafunga zile za safari ndefu ijayo.